Rejeta mpya, mlima Kitonga na hewa niliyoiacha ndani ya injini

Nina Subaru Impreza WRX ya 2004, ile wanaita GDA, injini EJ205 yenye turbo, gia za mkono, Japani waliitoa na nguvu za farasi 250, na naipenda hii gari sana. Naanza na hilo kwa sababu mtu akisoma yaliyonipata huku chini atajiuliza si ungeiuza tu. Sikuiuza. Ikiwa nzima, saa kumi na mbili asubuhi barabara haina watu, turbo inapuliza, sijaona gari nyingine ya bei yake inayonipa raha ile.

Kwanza ilianza harufu. Nikifika nyumbani Tabata nikazima gari nasikia harufu tamutamu, kama sukari inaungua, inakaa dakika kama mbili halafu inapotea. Nikawa natazama chini, pakavu. Wiki zikapita hivyohivyo mpaka siku moja nimefungua boneti mchana kweupe nikaona kwenye rejeta, pale plastiki ya juu inapobanwa na meno ya alumini, kuna mstari mweupe kama chumvi imekauka. Ile plastiki ilitoka kiwandani nyeusi, ilikuwa imeshageuka kahawia, rangi ya chai ya maziwa. Nikaigusa kwa ukucha, kipande kidogo kikabanduka kama ganda la yai. Hapo ndo nikaelewa kwamba kila nikikanyaga mafuta presha inapanda, ule ufa unafunguka kidogo, maji yanatoka kama mvuke yanakaukia hapohapo, ndo maana chini hakuna hata tone.

Sasa yule aliyeniuzia gari alishakuwa na fundi wake, na nilipoanza kuchunguza nikakuta mambo. Thamostati, ile vavu inayofungulia maji yaende kwenye rejeta injini ikishapata joto, haipo kabisa, imetolewa. Hii kitu kwetu wanafanya sana, utaambiwa nchi hii ya joto thamostati ya nini. Injini ikikosa thamostati inachelewa kufika joto lake, kompyuta inaona bado ni baridi inaendelea kumwaga petroli ya ziada, na mimi miezi yote ile nilikuwa nalalamika gari inakunywa. Ndani ya rejeta maji ya kahawia, maji ya kisima ya huku kwetu yenye chumvi, yamechanganywa na kulanti, ile dawa ya rejeta, kidogo ya kijani ya kupata rangi tu. Injini yenyewe ni alumini, rejeta alumini, unaweka maji ya chumvi, yaani unaila taratibu kutokea ndani.

Nikaamua rejeta mpya, na nikaamua iwe ya alumini tupu, ile ambayo matenki yake yamechomelewa, haina plastiki ya kupasuka. Kariakoo kule Gerezani nilizunguka siku mbili. Kuna duka walitaka kunipa ya otomatiki, ukigeuza chini unaona njia mbili za oili ya gia, wakasema utaziziba tu. Nikakataa, kwa nini ninunue kitu kipya nianze kukiziba. Mwisho nikapata ya gia za mkono, nene kama mara mbili ya ile ya zamani, laki nne na nusu. Muuzaji alisisitiza ule unene, kaka hii hata ukienda Tunduma huoni joto. Na mimi nikauamini ule unene, kosa langu la kwanza ni hilo.

Kabla ya kuifunga nilipita kwa mzee mmoja fundi rejeta, wale wa zamani wanaochomelea rejeta za shaba za malori, nilitaka anipimie kama haivuji. Nikamwamkia, shikamoo mzee, marahaba kijana wangu, akaichukua akaiziba matundu akaijaza upepo akaizamisha kwenye pipa la maji tukakaa tunatazama. Hamna povu. Akaitoa, akaiinua usawa wa macho akachungulia jua kupitia zile nyavu zake, akaniuliza, "Feni unaweka zipi?" Nikamwambia zilezile za kwanza. Akasema, "Kijana wangu, maji hayapozwi na rejeta, yanapozwa na upepo. Hii ni nene, upepo utapita kwa shida. Usimpe upepo njia ya kukimbilia pembeni." Nikaitikia ndiyo mzee, nikamlipa, nikaondoka. Sikuelewa alichoniambia na sikumuuliza.

Kazi yenyewe ya kufunga nilifanya Jumamosi mwenyewe na mdogo wangu, na kusema kweli kwenye Impreza si ngumu, spana kumi, spana kumi na mbili, bisibisi na koleo la klipu. Unasubiri injini ipoe kabisa, unamwaga maji kwa chini, unachomoa soketi mbili za feni, unatoa paipu ya juu na ya chini, unafungua vishikizo viwili vya juu, rejeta inatoka kwa kuinuliwa moja kwa moja. Ukiinua uinue taratibu, mbele yake kuna kondensa ya AC na nyavu zake ni laini, ukikwaruza umekwaruza. Paipu ya juu ilikuwa imeganda kwenye mdomo wake, usiivute kwa nguvu, izungushe kwanza iachie ndo uvute.

Ile ya zamani ilipotoka tukaiweka pembeni, akapita kijana wa vyuma chakavu, mdogo wangu akampa. Nusu saa baadaye nataka kuweka mpya nakuta raba ya chini ya upande mmoja haipo. Chini rejeta ina vipini viwili vinakaa kwenye raba mbili, na moja ilikuwa imeganda kwenye rejeta ya zamani ikaenda nayo. Mdogo wangu akakimbia mpaka barabarani, kijana wa vyuma hayupo. Nikakata raba ya tairi la pikipiki nikaitoboa nikaiweka. Ilikaa, ila upande ule ukawa umeinuka milimita kadhaa, na hizo milimita kwenye rejeta nene si kidogo, upande wa injini nafasi kati ya feni na mikanda ni ya vidole tu. Nikipitisha kidole kinapita, basi nikasema inatosha.

Feni nazo matundu hayakukaa sawasawa, ikabidi nichonge kwa tupa kidogo. Boliti za zamani nazo usizirudishe tu ukazikaza kwa nguvu, nyingine ni ndefu kuliko tundu la rejeta mpya, zikifika mwisho ukaendelea kukaza unapasua alumini. Ingiza kwa vidole kwanza uone zinaishia wapi. Hiyo nashukuru niliiona mapema.

Kulikuwa na vipande vya sponji nyeusi vimezunguka rejeta ya zamani, juu na pembeni, vimeozaozana, nikavitupa. Kava la chini ya injini lilikuwa limevunjika sehemu, nalo sikulirudisha, nikaona ni la kuzuia matope tu. Thamostati nilinunua mpya, hapo nilifanya vizuri, nilichukua orijino kwa sababu ukiweka ya bei rahisi pembeni yake unaona kabisa mwili wake ni mdogo. Nikajaza kulanti nusu na maji ya kudistili nusu, nikawasha, nikaona maji yanashuka nikaongeza, yakashuka nikaongeza, yakajaa, nikafunga kifuniko. Mshale ukakaa katikati. Nikazunguka mpaka Mwenge na kurudi, foleni ya Ubungo na kila kitu, mshale haujatikisika. Nikafurahi mno.

Kuna kitu kimoja tu nilikisikia. Nikiwasha gari asubuhi, nyuma ya dashibodi upande wa abiria kuna sauti, glu glu glu, kama mtu anamimina maji kwenye chupa, inakata. Nikasema ni maji ya AC. Hita sikuiwasha. Nani anawasha hita Dar?

Wiki mbili baadaye tukaenda Iringa, mimi, mke wangu na mtoto wetu wa miaka minne, ukweni kulikuwa na shughuli. Dar mpaka Iringa ni kama kilomita 490. Tulitoka saa kumi na moja alfajiri, Chalinze, Morogoro, Mikumi tumepita ndani ya hifadhi kwa hamsini kama inavyotakiwa, mtoto anahesabu swala. Ruaha Mbuyuni tukasimama tukanunua vitunguu. Mpaka hapo mshale katikati, na mimi nimeshamwambia mke wangu unaona rejeta inavyofanya kazi.

Kitonga anayepajua anapajua. Barabara imechongwa ubavuni mwa mlima, upande mmoja jabali, upande wa pili korongo, malori ya Zambia na Kongo yanapanda yamebeba yanakwenda mwendo wa mtu anayetembea, na huna pa kupitia. Tukaingia nyuma ya lori la kontena. Gia ya kwanza, ya pili, ya kwanza. Gari inavuta mzigo lakini haiendi, kwa hiyo upepo wa mbele hakuna, kila kitu kinategemea feni. Mshale ukapanda. Kwanza unene wa mshale mmoja juu ya katikati. Na Subaru za wakati ule mshale umetengenezwa usitikisike ovyo, unakaa katikati joto likiwa la kawaida na hata likizidi kidogo, kwa hiyo ukiuona unapanda ujue injini ina joto kweli, haijaanza sasa hivi.

Nikazima AC. Nikawasha hita mpaka mwisho, hilo nalijua, hita ni rejeta ndogo ya pili, inatoa joto la injini inalileta kwenu, mtaungua lakini injini itapumua. Nikaweka mkono kwenye tundu la upepo. Ukatoka upepo wa baridi. Injini inakaribia kuchemka na hita inatoa baridi! Nikapiga resi kidogo, ukaja wa moto, nikaachia, ukarudi baridi. Pale pale nikaelewa ile glu glu ya asubuhi ilikuwa nini. Kwenye hita hakukuwa na maji, kulikuwa na hewa. Wiki mbili nzima injini ilikuwa inazungusha maji na povu kubwa la hewa ndani yake, na mjini ikawa inavumilia.

Nikakuta sehemu barabara imepanuka kidogo nikatoka. Nikazima, nikaweka jiwe nyuma ya tairi, nikavunja matawi nikayatandaza barabarani kwa nyuma. Mke wangu akambeba mtoto wakakaa ukutani mwa jabali, malori yanapita karibu kiasi kwamba upepo wake unatikisa kanga. Nimepitia shida nyingi na magari ila ile picha, mtoto wangu amekumbatiwa pale na mimi ndiye niliyefunga ile rejeta, haijanitoka. Kulikuwa na lori limesimama mbele yetu, utingo wake akashuka na dumu la maji bila hata kuitwa. Nikanyoosha mkono kwenye kifuniko akanishika, "Kaka acha, utaungua uso. Kaa lisaa." Tukakaa lisaa. Nilipofungua na kitambaa, taratibu, yaliingia karibu lita mbili. Mfumo mzima unabeba kama lita saba na kitu, kwa hiyo piga hesabu nilikuwa natembea na pengo gani.

Tukafika Iringa polepole, hita imewashwa madirisha wazi. Kesho yake nikatafuta gereji na huko ndo nilifundishwa kutoa hewa kwenye Subaru, na naandika kwa urefu kwa sababu hapa ndo wengi tunaua gasketi za silinda hedi halafu tunasema Subaru ni mbovu. Injini imelala, silinda mbili kulia mbili kushoto, hewa inapenda kujificha mle. Fundi akaipandisha gari pua juu. Injini baridi kabisa. Akachomoa paipu ya juu kwenye rejeta akaanza kumimina kulanti ndani ya ile paipu yenyewe, kuelekea injini, taratibu kama unamnywesha mgonjwa, inaingia, inabubujika, anasubiri, anaongeza. Mpaka ikajaa mdomoni. Akarudisha paipu. Juu ya rejeta pembeni kuna skrubu ndogo ya kutolea hewa, mimi sikuwahi kuigusa, akailegeza akawa anajaza rejeta, skrubu ikatoa pumzi, fsss, kisha mapovu, kisha maji matupu, akafunga. Halafu kwenye hizi Subaru za turbo kuna kitenki cha chuma juu karibu na intakula, ile inayopoza hewa ya turbo, ndo sehemu ya juu kuliko zote, hicho nacho akakijaza. Hita mpaka mwisho. Akawasha, anakamua zile paipu kwa mkono kama anakamua ng'ombe, mapovu yanapanda kwenye kitenki. Resi elfu mbili na nusu, shusha, kamua, ongeza. Tulikaa karibu saa moja na nusu mpaka hita ikatoa moto gari ikiwa sailensa, bila resi. Akasema hicho ndo kipimo. Akaniambia niiache ipoe mpaka kesho nifungue tena niongeze, na kweli ilichukua tena kama nusu glasi.

Kitu kingine alichonionyesha, hizi za turbo zina vifuniko viwili, kimoja kwenye rejeta na kingine kwenye kile kitenki, na havina nguvu sawa. Cha kitenki ndo kinatakiwa kufunguka kwanza kipeleke maji kwenye dumu la akiba. Vyangu vilikuwa vimebadilishwa nafasi, sijui na nani, labda na mimi mwenyewe ile Jumamosi. Na kifuniko kibovu si kitu kidogo. Maji Dar yanachemka nyuzi 100, kule Iringa kwa ule mwinuko yanachemka kwenye 95 hivi, presha ya kifuniko ndo inayoyasukuma mpaka karibu na 120 kabla hayajachemka. Kifuniko kikilegea umebaki na maji ya sufuria.

Kurudi Dar tulirudi salama. Nikafunga geji ya pembeni, sensa yake inakaa kwenye paipu ya juu, nataka namba. Na namba zikanionyesha kwamba hewa ya ndani imetoka lakini bado kuna tatizo: foleni 95, feni zinawaka inashuka, hiyo sawa, ila nikiwa mwendo wa mia barabara ya Morogoro inakaa hapohapo 94, 95. Mwendo wa mia upepo wote ule inatakiwa ishuke. Hapo nikamkumbuka mzee wa pipa la maji. Usimpe upepo njia ya kukimbilia pembeni. Nikalala chini nikawasha tochi mtoto wa dada akatazama kwa juu, mwanga unapita kushoto na kulia kwa rejeta, vidole viwili kila upande, na juu, na chini wazi kabisa. Upepo ukiingia kwenye bampa unakuta rejeta nene na uwazi pembeni, unachagua uwazi. Zile sponji zilizooza nilizozitupa kazi yake ilikuwa ni hiyo. Na lile kava la chini halikuwa la matope tu, linausaidia upepo upite kwenye rejeta badala ya kukimbilia chini.

Nilianza na sponji ya godoro, usifanye hivyo, inanyonya maji ya mvua inakaa na matope. Nikaitoa nikaweka raba za mlango wa gari, zile nyeusi za kubana, nikaziba juu na pembeni zote. Kava la chini nikalipata Ilala, la mtumba, elfu sitini, limekosa kipini kimoja. Na ile raba ya kipini cha rejeta nikaagiza jozi nzima nikatupa ya tairi, rejeta ikakaa sawa, feni ikapata nafasi yake. Jumla ya vitu vyote hivi haikufika robo ya bei ya rejeta. Mwendo uleule wa mia barabara ileile, 88.

Desemba tulipanda Kitonga tena, mchana, jua kali, nyuma ya lori la saruji kuanzia chini mpaka juu. Nilimwambia mke wangu asome geji yeye kwa sauti ili mimi nitazame barabara. Tisini na moja. Tisini na tatu. Tisini na sita, feni zikawaka. Tisini na tatu. Mtoto huko nyuma akawa anarudia namba baada ya mama yake, na tulipofika juu, ule upepo wa baridi wa Iringa umeanza, mke wangu akanyoosha mkono akawasha hita kidogo, bila kuniambia, akaweka kiganja kwenye tundu la upepo. Ya moto.